Mungu Hakuliua Giza, Alilipatia Zamu

Daftari la mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia, lina jalada gumu la bluu lililotafunwa na mende kwenye pembe, na kurasa zake za mwanzo zote ni mwandiko wa baba. Kila ukurasa ameugawa kwa mstari wa wima. Kushoto ameandika "jioni", kulia "asubuhi", kisha majina ya wenye zamu yanateremka nyumba kwa nyumba kufuata mteremko wa kijiji. Nilipokabidhiwa daftari hili mwaka 2019, nikiwa nimestaafu kufundisha jiografia sekondari, nilidhani mzee alikosea kupanga. Siku huanza asubuhi, nikajisemea, na nikachukua rula nilipange upya.

Wiki mbili za kukesha na tochi zilitosha kunionyesha kwamba mzee hakukosea.

Naishi Old Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, juu kidogo ya Kidia, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoacha baba. Maji ya kumwagilia tunayapata kwa mfongo. Ni mfereji wa udongo waliouchimba mababu kwa jembe na mikono. Unachepusha maji mtoni, huko juu kwenye nusu maili, ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, na kuyaleta yakiambaa ubavu wa mlima mpaka vihambani. Mwisho wake pana nduwa, bwawa dogo la kutunzia maji. Jioni mwenye zamu anaziba tundu la nduwa kwa magome ya mgomba, majani na matope. Usiku kucha maji yanaingia polepole. Alfajiri anazibua, nayo yanatoka kwa nguvu moja na kufika hadi mgomba wa mwisho kabla ardhi haijayanywa yote njiani. Ukitegemea yale yanayochuruzika mchana, utalowesha mashina matatu ya karibu na basi. Kwa hiyo siku ya mfongo inazaliwa jioni. Usiku ndio unaobeba mimba, asubuhi ni kujifungua.

"Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja."

Nimelisikia neno hilo tangu shule ya Jumapili, miguu yangu ikiwa haijafika sakafuni. Nimelisoma mimbarini mwenyewe, kwa sauti, zaidi ya mara moja. Halikuwahi kunisimamisha. Lilinisimamisha jioni moja ya mwaka ule 2019, nikiwa na matope hadi viwikoni, nimemaliza kuziba nduwa, jua linazama upande wa Machame. Nikalitamka pale ukingoni. Biblia nayo inaanza siku na jioni! Ni sawa na wazee wa pwani ambao wakikuambia usiku wa Ijumaa wana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, wala si unaoufuata. Baba hakuwa mtu wa pwani, na sidhani aliwahi kulilinganisha daftari lake na Mwanzo. Alifuata maji tu, na maji yakamfikisha hapo.

Tangu siku hiyo naisoma sura ya kwanza ya Mwanzo kama mtu wa mfongo, na imenifungukia kwa namna ambayo sikuipata katika miaka yote niliyokaa benchini. Nataka kuyaandika niliyoyaona. Ninalo pia jambo nililolitenda Februari iliyopita ambalo siwezi kuandika habari za uumbaji nikaliruka. Nitafika.

Chukua Biblia uhesabu. Katika sura ya kwanza tendo la kutenga linarudi mara tano: aya ya 4, ya 6, ya 7, ya 14 na ya 18. Nuru inatengwa na giza. "Liwe anga katikati ya maji, likayatenge maji na maji." Mchana unatengwa na usiku, kisha mianga ya mbinguni inapewa kazi ya kuendelea kutenga nuru na giza. Sisi tukisema uumbaji tunafikiria mfinyanzi, tunafikiria vitu vikitokea pasipokuwa na kitu. Hayo yamo. Lakini ukifuatisha mikono ya Mungu siku tatu za kwanza, unamwona akifanya kazi ninayoijua kuliko zote: anagawa. Hiki kikae huku, kile kikae kule, haya maji yaende juu, yale yakusanyike mahali pamoja, nchi kavu ionekane.

Kilichonishika zaidi ni giza. Miaka yote, niliposikia "Iwe nuru", niliona giza likifukuzwa, kama unavyowasha taa chumbani. Soma tena polepole. Giza halifukuzwi. Halilaaniwi wala haliuawi. Linatengwa na nuru, linapewa jina, Usiku, na linapewa sehemu yake ya siku, tena sehemu ya kwanza. Kwa lugha ya daftari la baba, Mungu alilipatia giza zamu.

Nimekuwa mjane kwa miaka tisa. Nimeomba mara nyingi Mungu aniondolee usiku, kwa maana zote za neno hilo. Sikujua kwamba usiku nao una jina alilolitoa yeye.

Kuna jambo lingine, dogo, ambalo mtu anayesoma haraka hulipita. Siku ya pili haina neno "ni vyema". Siku nyingine Mungu anatazama anaona ya kuwa ni vyema, lakini siku ya pili, siku ya kuyatenga maji, hasemi. Kisha siku ya tatu linakuja mara mbili. Waalimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona hilo na wakalieleza kwamba kazi ya maji ilikuwa haijakwisha: ilianza siku ya pili, ikakamilika siku ya tatu maji yalipokusanyika mahali pamoja. Nilipoyasikia maelezo hayo nilicheka kwa furaha, peke yangu, jikoni. Kila aliyewahi kugawa maji anajua. Huwezi kusema vyema umesimama kwenye banio, pale maji yanapochepushwa mtoni. Maji yanaweza kuwa mengi juu na huku chini mtu akabaki na vumbi, kwa sababu ya fuko aliyetoboa ukingo, au jiwe, au binadamu. Vyema unaisema yakishafika.

Maelezo hayo niliyapata kwenye vipindi vya Biblia ambavyo usharika wetu uliviweka Jumatano jioni wakati wa Kwaresma mwaka jana. Aliyetufundisha ni mchungaji kijana aliyesoma chuo cha Makumira, anayekijua Kiebrania na asiyejivunia kukijua. Jumatano ya tatu alituambia kwamba wataalamu wengi wanaiona sura hii kuwa ilipata umbo lake karibu na uhamisho wa Babeli, karne ya 6 kabla ya Kristo, Yerusalemu ikiwa imebomolewa na watu wake wamehamishwa. Akatuomba tuifikirie Babeli yenyewe. Ni nchi tambarare, mvua yake haba, maisha yake yote yako kwenye mito miwili, Frati na Hidekeli, na kwenye mifereji iliyochimbwa kutoka mito hiyo. "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia." Mto Kebari, ambako Ezekieli aliona maono yake, unatajwa kwenye vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Nippur, mji wa kale wa huko, na ulikuwa mfereji wa kuchimbwa.

Nikanyosha mkono kama mwanafunzi. "Mchungaji, unasema walikaa kwenye mfongo?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ezekieli aliona mbingu zikifunguka akiwa kando ya mfongo."

Kisha akatusimulia masimulizi ambayo wahamishwa wale lazima waliishi katikati yake. Katika simulizi moja la Babeli, bahari ni mungu wa kike aitwaye Tiamat. Mungu Marduk anapigana naye, anamuua, anampasua vipande viwili kama samaki wa kukaushwa, na nusu moja anaitandaza kuwa mbingu. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "vilindi" kwenye aya ya 2 lina undugu na jina hilo Tiamat. Lakini katika Mwanzo hakuna vita. Vilindi vipo, giza liko juu yake, na Roho ya Mungu inatulia juu ya uso wa maji. Inatulia! Hakuna anayepasuliwa.

Simulizi la pili, la Atrahasis, ndilo lililoninyima usingizi. Ni la zamani zaidi, vibao vyake vingine viliandikwa zaidi ya miaka 1,600 kabla ya Kristo. Linasema kabla ya wanadamu kuwapo, miungu wadogo ndio waliofanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuchimba mifereji. Walichimba miaka na miaka, wakachoka, wakachoma vifaa vyao moto, wakaizingira nyumba ya mkubwa wao Enlil usiku. Ndipo miungu wakakata shauri: auawe mungu mmoja, damu na nyama yake ichanganywe na udongo, yafinyangwe watu, watu wabebe ile nira ili miungu wapumzike. Huko Babeli, mtu aliumbwa ili achimbe mfongo.

Nami ninaujua uzito wa chepe la matope. Kila mwaka kabla ya kiangazi tunaitana msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, tunapanda juu hadi kwenye banio na kushuka tukizoa mchanga na mizizi. Masika ya 2024 yalileta kifusi kingi mno, tulifanya kazi Jumamosi sita mfululizo. Jioni ya Jumamosi kama hiyo, mgongo haukunjuki. Ningekuwa mtumwa kando ya Kebari, na mwenye nguvu akaniambia, wewe uliumbwa kwa ajili ya hili tu, mimi nipumzike, pengine ningeamini.

Sasa sikiliza masikini hawa waliohamishwa wanavyomsimulia Mungu wao. Mungu wao anafanya kazi mwenyewe, siku sita. Sura ya pili inamshusha zaidi, anashika mavumbi ya ardhi na kumpulizia mtu puani. Bustani anaipanda yeye: "BWANA Mungu akapanda bustani upande wa mashariki wa Edeni." Mto wa kuitia maji unatoka wenyewe, mtu hakuuchimba, na unagawanyika kuwa vichwa vinne, na kimojawapo ni Frati, mto uleule wa nchi ya watesi wao. Na siku ya saba, Mungu anastarehe na kuibariki siku yenyewe. Mapumziko hayo hayakununuliwa kwa mgongo wa mtu.

Nilifika nyumbani usiku ule nikafungua kurasa za baba. Safu ya kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni ameiacha tupu, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nakumbuka ugomvi wa safu hiyo tangu utotoni. Wakati wa kiangazi watu walimjia wakisema, "Meku, siku nzima maji yanapotea, tupe." Naye alikuwa akifungua banio maji yarudi mtoni, akisema neno moja, "Mto nao una zamu." Huko chini mto wetu unaungana na mingine, na maji ya upande huu wa mlima yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanateremka na Pangani mpaka baharini. Kuna wavuvi kule, na ng'ombe, na mitambo ya umeme. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kugonga mlango wa baba kuomba. Aliwaachia.

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwenye aya inayonifanya nijute baadhi ya mambo niliyofundisha darasani. Mwanzo 2:6: "ukungu ukapanda katika nchi, ukatia maji juu ya uso wote wa ardhi." Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha mlima wetu, na barafu ikiisha, mito imekwisha. Barafu kweli inakwisha: kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu, na baba alikuwa akituonyesha kwa kidole mahali palipokuwa peupe alipokuwa mvulana. Lakini waliopima maji ya mlima huu wameona kwamba mito inalishwa zaidi na msitu kuliko barafu. Inalishwa na mvua inyeshayo msituni, na pia ukungu. Ukungu unapanda kutoka huku chini, unakutana na miti, unashikwa na majani na zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini, unadondoka tone kwa tone kwenye udongo kama sifongo, na udongo unautoa kidogo kidogo. Moto wa Oktoba 2020, uliounguza vichaka na miti ya huko juu, uliharibu mitego ya ukungu.

Mchungaji alituambia kwamba neno lile la Kiebrania linaonekana mara mbili tu katika Biblia nzima, hapa na Ayubu 36:27, na watafsiri hawakubaliani. Wengine wanasema ukungu, wengine wanasema chemchemi inayobubujika. Kwetu hakuna haja ya kugombana. Panda asubuhi mpaka nusu maili, utaona ukungu ukiingia kwenye miti, na chini ya mti huohuo utaona chemchemi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na tatizo lake na sura ya kwanza. Kwa Kichaga Mungu ni Ruwa, na neno hilohilo ndilo jua. Yeye alibatizwa akiwa msichana mkubwa, na mpaka anakufa alitoka nje kila asubuhi kulitazama jua la kwanza na kusema maneno yake. Alikuwa akiuliza imekuwaje jua lingojee mpaka siku ya nne. Sikuwa na jibu. Leo ningemwambia, bibi, tazama, hata jina hawakulipa pale, wameliita tu mwanga mkubwa. Limepewa zamu ya mchana kama wengine walivyopewa.

Sasa Februari.

Sehemu ya kiinua mgongo changu niliiweka kwenye miche 40 ya parachichi. Niling'oa mibuni mizee ya baba upande wa chini wa kihamba, nikaipanda miche hiyo Novemba nikitegemea vuli. Vuli ikanyesha siku chache ikakata. Kufikia Februari majani yalikuwa yamejikunja. Zamu yangu ni Jumatatu, na maji ya zamu moja hayakutosha migomba na miche pamoja.

Zamu inayoanza Jumanne jioni ni ya mama mdogo. Namwita hivyo kwa sababu aliolewa na mdogo wake baba. Mume alikwisha kufa, wanawe wako Dar es Salaam na Mwanza, anaishi na mjukuu wa darasa la tano. Ana maharage, magimbi na migomba ya mchare upande wa bondeni, pale ambapo maji yanafika mwisho.

Jumanne moja, saa nane usiku, nilichukua jembe nikapanda mpaka juu ya nduwa, nikakata ukingo wa mfongo, nikayageuza maji kwenye miche yangu. Yalikwenda kwa saa mbili. Saa kumi nikaziba, nikashindilia matope kwa miguu, nikanawa, nikalala. Alfajiri mama mdogo na mjukuu walizibua nduwa ambayo haikujaa. Maji hayakufika bondeni. Mimi ndiye katibu wa mfongo, kwa hiyo nilichukua kalamu nikaandika, kwenye safu ya "asubuhi", chini ya jina lake: "Maji pungufu. Mto umeshuka."

Nilifanya hivyo Jumanne tatu. Mara tatu niliandika uongo katika daftari la baba.

Nilikuwa na maneno ya kujitetea, tena ya Biblia. "Mkaijaze nchi, na kuitiisha." Miche ni uchumi, nikasema, maharage ya bibi kizee ni ya kula tu. Nilijiambia kwamba anayezalisha zaidi ndiye anayeitiisha nchi. Nayaandika hapa kama yalivyokuwa kichwani mwangu, kwa sababu nayasikia pia kwenye mikutano ya kamati, yakisemwa na watu wazuri.

Jumapili iliyofuata Jumanne ya tatu, mwisho wa ibada, mchungaji aliinua mikono: "BWANA akubariki na kukulinda." Tunaipokea baraka hiyo kila Jumapili, tumeinamisha vichwa, na mkono mmoja unatafuta funguo. Siku ile nilikumbuka Jumatano ya mwisho ya Kwaresma. Mchungaji alikuwa ametufundisha maneno mawili ya Mwanzo 2:15, mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". La kwanza katika Kiebrania ndilo pia neno la kumtumikia mtu, au kumtumikia Mungu kwa ibada. La pili, kutunza, ndilo lililomo katika baraka ya Haruni: akulinde. Ninalindwa kwa neno lilelile ambalo kwalo nimeagizwa kulinda. Na neno hilo linarudi katika sura ya nne, kinywani mwa Kaini, naye tayari ameshatoka kondeni: "Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?"

Sikushuka kwenye mnada wa baada ya ibada. Nilikaa kwenye benchi mpaka mzee wa kanisa akaja kufunga madirisha.

Kwetu aliyemkosea jirani haendi na maneno matupu. Anachuma sale, anafunga jani lake fundo, anakwenda nalo mkononi. Anayepelekewa sale hawezi kukataa kusikiliza. Masale yangu yako kwenye mpaka kati ya kihamba changu na chake, yaliyopandwa na babu alipowagawia wanawe ardhi. Nilisimama pale na kisu kwa muda mrefu. Mmea uliotenga kihamba na kihamba ndio huohuo nilioukata nikaombe nao kuvuka.

Nilikwenda Jumanne saa tisa alasiri. Alikuwa nje, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, mbona umesimama?" Kisha akaliona jani. Akauweka ungo chini.

Nilimweleza yote, Jumanne zote tatu, na nilichoandika. Hakunikatiza. Nilipomaliza alilipokea sale, akaliweka juu ya mapaja, akawa anapitisha kidole kwenye lile fundo.

"Nilijua," akasema. "Mimi usiku nalala nasikiliza maji yakiingia nduwani. Dirisha langu si liko pale? Saa nane yalikuwa yananyamaza."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesemea wapi? Wewe ndiye mwenye daftari."

Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina. Nililia mbele yake kama mtoto, mimi mwenye miaka 63. Aliniacha nilie. Kisha akaniambia kwamba maji ya jioni ile nikazibe mimi, kwa mikono yangu, mjukuu apumzike.

Nilirudi nyumbani kwanza. Nilifungua daftari, nikapiga mstari mmoja juu ya yale maandishi matatu ya uongo, ili yaendelee kusomeka chini ya mstari, nikaandika pembeni yaliyotokea, na jina langu. Kamati ilikaa Alhamisi, ikanitoza faini, nikalipa. Daftari waliniachia kwa kura, si wote walioafiki, na wasioafiki nawaelewa. Kuanzia mwezi huo funguo la sanduku la daftari anakaa nalo mtu mwingine. Miche 11 imekufa. Iliyobaki inakunywa Jumatatu.

Lakini jioni ile ya Jumanne, saa kumi na mbili, nilishuka nduwani na magome mapya ya mgomba. Mama mdogo alikuja na fimbo yake akaketi juu ya jiwe, kanga mbili mabegani, akinielekeza kana kwamba sijawahi kuziba tundu maishani. "Majani kwanza. Sasa matope. Kandamiza kwa kisigino." Nilipomaliza niliketi chini, karibu na miguu yake. Kibo ilikuwa imejitoa kwenye mawingu, ikawa ya waridi, ikawa ya kijivu, ikapotea. Giza likaja kutoka bondeni, likafunika migomba yake, likapanda hadi kwetu.

Nilitaka kusema kitu. Akanigusa bega na ile fimbo.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Sikiliza. Yanaingia."